Kunde za Tennie na Kulungu wa Royce

Barabara ya Kinu cha Zamani,
Sardis Fork,
Alabama.

Jumanne, tarehe 20 Agosti, 2019.

Mpendwa mjukuu wangu Corliss,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mumeo Anders. Mko salama huko Alaska? Baridi imeshaanza, au bado mnaiita kiangazi? Na kikohozi cha Anders kimekwisha? Mwambie aache kuvaa kofia ndani ya nyumba. Kichwa kikifunikwa usiku na mchana, kikohozi kitatokea wapi?

Mimi sijambo. Chuma walichonitia kwenye nyonga kimekaa vizuri kuliko mfupa niliozaliwa nao. Natembea bila fimbo. Fimbo naibeba kwa ajili ya mjomba wako Royce, na ukisoma mbele utajua kwa nini.

Sikupigii simu kwa sababu kwenye simu nasikia pumzi zangu tu, na pia kwa sababu ungenidanganya upesi. Barua inampa mtu nafasi ya kuona haya kabla hajajibu.

Ile picha yako ya Mwaka Mpya niliipata tangu Januari. Nitaisema mwishoni. Usirukie huko.

Kilichonikalisha mezani ni hiki: ile chupa ya kunde niliyokupa siku ya harusi yako iko wapi? Siulizi kama unaikumbuka. Nauliza iko wapi na ndani mna nini. Nilikwambia uiweke kwenye friza na usiipeleke jikoni hata siku mkikosa chakula. Zile si kunde za kula, ni mbegu. Ni kunde za mama yangu Tennie, zenye doa jekundu, zinazotoa mchuzi mweusi kama kahawa, na hakuna duka duniani linaloziuza. Tangu uolewe zilikuwa mahali pawili tu, friza yangu na friza yako. Sasa kwenye friza yangu hazimo.

Tulia, nitakueleza. Ukimaliza utajua mjomba wako ni mtu wa namna gani, kama hukuwa ukijua.

Unakumbuka tangu Aprili nilikuwa Mobile kwa mama yako, nikiuguza nyonga. Nilipoondoka nilimwambia Royce anichimbulie bustani nyuma ya nyumba, asipande kitu, nitapanda mwenyewe nikirudi. Kunde hazitaki haraka. Zinataka udongo uliopata joto, ule ambao ukiuzika mkono haukushtui. Basi bustani hakuigusa hata kwa jembe la kuazima. Alikuwa na shamba jingine la kushughulikia. Alikuwa anawalimia kulungu.

Ninyi wa siku hizi mnaona ni jambo la kawaida. Mimi nimekua wakati kulungu akionekana barabarani, watu walikuwa wanatoka kanisani kwenda kumtazama. Sasa wamejaa kama mbuzi wasio na mwenyewe. Wamekula maua yangu, wamekula nyanya, Trudy mke wa Royce amewagonga wawili kwa gari lile lile. Na dawa aliyoiona mjomba wako ni kuwatayarishia chakula.

Tena chakula cha heshima. Alichota udongo wa bondeni, pale babu yako Ewell alipokuwa akilima matikiti, akautia kwenye kisanduku na kuutuma chuo kikuu ukapimwe. Wakamjibu udongo una uchachu, unataka chokaa. Akaleta chokaa tela zima. Mimi na babu yako tulilima pale maisha yetu yote, na siku tulipotaka chokaa kwa ajili ya matikiti ya kulisha watoto, tulisubiri mpaka tukasahau. Kulungu hawakusubiri.

Kisha akanunua mbegu. Mfuko una picha ya dume mwenye pembe kama mti uliokauka, na kwa maoni yangu Royce alinunua picha, mbegu alipewa kama nyongeza. Ndani kuna soya, kuna fiwi, kuna alizeti, kuna mtama ili maharage yanayotambaa yapate pa kupandia. Huo ndio mlo wa kiangazi wa wanyama wa porini. Wanaume wa hapa wanaujua mlo huo kwa moyo, lakini muulize Royce dawa yangu ya presha inaitwaje.

Mbegu alizichanganya na ile dawa nyeusi kama masizi, inayosaidia jamii ya maharage kustawi. Aliilowesha kwa soda ili igande. Alichanganyia wapi? Kwenye bakuli langu la keki. Trudy ndiye aliyenisimulia, huku akicheka. Nikamuuliza yeye alikuwa wapi bakuli lilipokuwa linatoka jikoni. Akaacha kucheka.

Shamba lenyewe unalijua ukubwa wake. Uwanja wa kanisa unalizidi. Hata ule mfuko umeandikwa: ukipanda padogo penye kulungu wengi, weka uzio kwanza mpaka mimea ipate nguvu, la sivyo wataimaliza ikiwa na majani mawili. Royce anajua kusoma. Nilimpeleka shule nikiwa mimi sina viatu vya kwenda nje ya kata. Lakini uzio hakuweka. Alisema uzio utawatisha wageni wake.

Basi wageni wakaja. Ana kamera aliyoifunga mtini, inatuma picha kwenye simu yake, na kwenye picha wamejipanga kama watu wa harusini mbele ya meza ya chakula. Unafikiri alihuzunika? Alizipeleka picha kanisani! Aliwaonyesha watu wakati wa kutoa sadaka! Kuna dume mmoja amempa jina, anamwita Seneta, kwa sababu ni mnene na huonekana mara chache. Watoto wa dada yake hajui hata mmoja alizaliwa lini, lakini Seneta anamjulia umri.

Wiki haikwisha, shamba likabaki vijiti. Na hapo ndipo ule ujinga wa kawaida ulipogeuka kuwa kitu kingine.

Nilirudi katikati ya Juni. Kabla sijavua kofia nilifungua friza. Mlikuwa na soseji za kulungu, barafu, na soseji nyingine za kulungu. Chupa hakuna. Nikaitafuta nyumba nzima. Nikaikuta kwenye banda la trekta, mfuniko wake wa bluu pale pale, imejaa misumari.

Nikamwita.

"Royce, hii chupa ilikuwa na nini?"

"Misumari, Mama."

"Kabla ya misumari."

Akaanza kutazama viatu vyake, mtu mzima mwenye mvi.

"Mama, soya ililiwa yote. Nilibakiwa na mtama tu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia kuwa kunde za Bibi Tennie jua haliziwezi, mdudu haziwezi..."

"Nakumbuka nilichosema. Endelea."

"Nikaona labda hizo ndizo zitakazohimili."

"Kuhimili nini?"

"Kulungu, Mama."

Corliss, nilikaa juu ya tairi la trekta. Mwanangu niliyemzaa mwenyewe, aliyekuwa akilamba sahani ya kunde hizo mpaka maua ya sahani yakafifia, amechukua mbegu zote za bibi yake akawaandalia wanyama. Na wanyama wenyewe anawanenepesha ili awapige risasi Novemba. Nguruwe tulimlisha tukamla, hilo naliona sawa. Yeye nyama anagawa, kichwa anakitundika ukutani, halafu Trudy anakipangusa vumbi puani. Ndicho Tennie alichohifadhia mbegu maisha yake yote, ili Trudy apanguse pua!

Usiniulize kwa nini niliziweka zote kwenye chupa moja. Friza ni yangu na chupa ni yangu. Mwenye kosa ni aliyefungua.

Nikamwambia, "Nipeleke."

"Mama, nyonga yako."

"Nyonga yangu haijapanda mbegu za mtu. Nipeleke."

Tukashuka bondeni. Mchicha pori umejaa kila mahali, huo kulungu wake hawaugusi, wana adabu zao. Mtama umefika magotini. Kunde zimekatwa, zimebaki shina shina, kama mtu aliyepita na mkasi.

"Zimekwisha," akasema Royce. "Pole, Mama."

"Pole ya nini? Unanizika?"

Nikashika bega lake nikainama, nyonga ikilalamika. Ubavuni mwa shina moja niliona kijani kimechungulia, kidogo kama jino la mtoto. Nikatazama la pili, nalo lina jino. Mengine yalikuwa yamekufa kabisa, siwezi kusema uongo. Lakini yapo yaliyokuwa yanaota upya.

"Lete waya wa umeme wa ng'ombe," nikamwambia. "Leo."

"Mama, ukiweka waya kulungu wataacha kuja, na msimu..."

"Nimekuuliza habari za msimu?"

Akaleta waya. Akazungusha shamba zima. Jioni ile ile jike mmoja akauruka kama unavyoruka dimbwi la maji ukienda posta. Tulimtazama wote wawili. Royce akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba huwa wanaruka juu sana. Nikamshukuru kwa taarifa.

Ndipo nikakumbuka pipa lake.

Unajua wawindaji wa hapa walivyo. Nguo zao za msituni, zile za mabakamabaka, wanazifua kwa sabuni isiyo na harufu, wanazifungia kwenye pipa la plastiki pamoja na majani ya msonobari, na hakuna ruhusa ya kufungua mpaka Novemba. Wanasema kulungu akinusa binadamu harudi. Royce hamruhusu Trudy kugusa lile pipa akiwa amekata vitunguu. Mtu huyo huyo anaingia kanisani ananuka dizeli, mimi nimekaa naye benchi moja.

Basi asubuhi alipokwenda kazini, mimi na Trudy tulifungua pipa. Kila kilichokuwamo tukakiingiza kwenye mashine: makoti, suruali, soksi, kofia, hata ile shuka anayojifunikia kule kwenye kibanda cha kuwindia. Tukaweka sabuni ya unga yenye harufu nyingi kuliko zote na ile dawa ya kulainishia nguo inayonuka maua. Zilipotoka nikazipulizia manukato uliyonitumia Krismasi. Asante kwa manukato hayo. Sikuyapenda, lakini sasa yamepata kazi. Tukashuka bondeni, tukazima umeme, tukazitundika juu ya waya, shamba zima, kama siku ya kufua ya jeshi la wajinga.

Royce aliporudi alisimama pale na kikapu chake cha chakula mkononi.

"Mama, hizi ni nguo zangu."

"Hata mimi nilidhani ni zako."

"Zinanuka kama duka la maua!"

"Vizuri. Kulungu watadhani kuna harusi ya watu, waache kuja bila kualikwa."

"Harufu hii haitatoka mpaka msimu wa mwakani!"

"Na mama yangu, Royce? Yeye atatoka lini kwenye matumbo ya kulungu wako?"

Trudy alikuwa nyuma ya gari, mabega yanatikisika.

Nguo zilifanya kazi. Kulungu hawakuja, wala kwenye kamera hawakuonekana. Baada ya siku kadhaa akapita jirani yetu Haskell Odom, yule wa ng'ambo ya kijito, naye ana shamba lake la kulungu, kubwa zaidi, alilolizungushia uzio tangu mwanzo mpaka soya ikapata nguvu. Alikuja amevaa tabasamu la mtu aliyeokota kitu.

"Bi Arvella, nimekuja kushukuru."

"Kwa lipi?"

"Umewafukuza kulungu wa bonde lote, wamehamia kwangu. Royce, hebu tazama hapa."

Akatoa simu. Alikuwa Seneta, ana soya mdomoni, amesimama katikati ya shamba la Haskell kama mtu aliyelipia kiti.

Royce ameanza kumpiga picha huyo mnyama tangu pembe zake zikiwa vidole. Amesema habari zake mezani mpaka supu ikapoa. Nilimtazama usoni nikangoja anilaumu mbele ya jirani. Nilikuwa na jibu tayari, zuri sana, nimelitunza tangu siku ya misumari. Alirudisha simu ya Haskell, akachukua ndoo, akashuka kijitoni kwenda kuzimwagilia kunde. Hapakuwa na mvua tangu siku ile niliporudi.

Jibu langu likabaki mdomoni. Jioni nilimwekea kipande cha pili cha mkate wa mahindi. Asifikiri nilimsamehe. Mkate ulikuwa unakauka.

Yule jike mmoja tu ndiye asiyejali manukato. Nadhani pua yake mbovu. Kwa ajili yake nilihamia kwenye kibanda cha kuwindia cha Royce, kile kilichosimama juu ya nguzo. Trudy alinisukuma kwa nyuma kwenye ngazi, na hilo halihitaji kusimuliwa. Kila asubuhi nilikaa humo na sufuria na mfuniko wake, jike akitokea nagonga. Kumbe ndimo wanaume wanamoshinda mwezi mzima na kutuambia wamechoka! Mna zulia. Mna kiti cha ofisi kinachozunguka. Mna kopo la biskuti ambazo nilikuwa nazitafuta tangu Pasaka.

Mwisho tukapatana, mimi na yule jike. Nilimwambia kwa sauti: wewe chukua majani ya nje ya waya, maganda ni yangu. Ana akili kuliko mtu aliyempandia.

Sasa kunde zimepanda juu ya mtama, zimetoa maua, zimebeba maganda. Si mengi. Ukitazama kutoka mbali utasema hakuna kitu. Mengine bado mabichi, machache yameanza kubadilika rangi. Zikikauka salama, Tennie bado yupo. Mvua ikinyesha wiki nzima zikaoza, au huyo jike akivunja mapatano, basi chupa yako ndiyo iliyobaki peke yake, na mwaka huu wakati wa kupanda umekwisha. Ndiyo sababu nauliza. Usinijibu kwa maneno matamu. Nijibu kwa ukweli.

*

Niliishia hapo Jumanne kwa sababu Royce alikuja mbio akisema mvua inakuja, na inakuja kubwa. Leo ni Ijumaa.

Tulichuma kila kilichokuwa kimekauka, na kilichokaribia kukauka, mimi upande huu, yeye upande ule, Trudy ameshika kapu katikati. Royce alichuma akiwa amevaa koti lake la mabakamabaka lililonukia maua, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na upepo ulikuwa umeanza. Nilitaka kucheka, nikajizuia, sikutaka aone meno yangu. Tulifika barazani matone ya kwanza yakiwa yanaanguka, na baada ya hapo hukuweza kuona banda la trekta kutoka mlangoni. Asubuhi shamba lilikuwa limelala chini lote, mtama, kunde na mchicha. Kilichobaki kule ni cha kulungu, na wale kwa amani.

Tukakaa jana kuzipukuchua. Bata mzinga wa mwituni walikuwa wakipiga kelele ng'ambo. Royce ana vidole vinene, lakini hakudondosha hata moja. Zilipokuwa kwenye bakuli, bakuli lile la keki, akazitazama sana. Ni kidogo, Corliss. Hazifuniki hata maua ya chini ya bakuli. Lakini kila moja ina doa lake jekundu.

Akakohoa, akasema, "Mama, mwakani, zikishakuwa nyingi, sijui kama naweza kupata chache kwa ajili ya..."

"Imalize hiyo sentensi uone."

Hakuimaliza. Badala yake alikwenda kuimwaga ile misumari, akaiosha chupa kwa maji ya moto, akaikausha kwenye jua lililotoka, akaileta. Halafu akachukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Sikumtuma. Amechimbua bustani yote, Agosti, wakati hakuna mtu anayepanda chochote. Mjinga ni mjinga, lakini mistari yake imenyooka.

Haya, sasa ile picha.

Umesimama jikoni kwako, Anders ana kijiko mkononi na kofia kichwani, na nyuma umeandika: Kunde za Mwaka Mpya, Bibi, kama nyumbani. Nilifurahi. Niliionyesha mpaka kwa mleta barua. Kisha nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Sufuriani mna mchuzi mweusi kama kahawa. Kunde za dukani hazitoi mchuzi huo hata uzichemshe mpaka siku ya ufufuo. Na nyuma ya bega lako, kwenye sinki, kuna chupa imeinamishwa mdomo chini, na kando yake mfuniko wa bluu.

Kwa hiyo nimejua tangu Januari. Nilinyamaza kwa sababu friza yangu ilikuwa na zangu, na mtu ambaye friza yake imejaa anaweza kuwa mpole. Nimekuuliza kule juu ili uwe na nafasi ya kuona haya. Ukiwa umeruka kurasa ukaanza na hii, hilo nalo nalijua, ndivyo ulivyosoma hata barua za shuleni.

Royce aliwalisha kulungu mbegu za Tennie. Wewe ulimlisha mtu anayevaa kofia mezani. Sijui nani nimdharau zaidi. Kulungu angalau waliacha mashina.

Lakini nimekaa kwenye kile kibanda asubuhi nyingi na sufuria yangu, na mtu akikaa peke yake juu ya nguzo anafikiri hata kama hapendi. Nikaiwaza hiyo Januari yenu ya huko, ambako mama yako ananiambia jua likichomoza linaona aibu na kurudi. Umekaa kwenye giza hilo, mwaka mpya umefika, hapo ulipo hakuna anayejua kwamba siku hiyo lazima kuwe na kunde mezani, na kitu pekee cha kwenu ulichonacho kiko kwenye friza. Bado ulikosea. Nasema tu kwamba nimewaza.

Ndani ya bahasha hii kuna kitambaa kimefungwa kwa uzi. Kifungue juu ya meza, si juu ya sinki. Ni nusu ya tulizopata. Royce ndiye aliyezichagua zako, moja moja, akizigeuza kwenye mwanga kuona kama fukusi wamezitoboa, na akakupa zile nene. Nilimwona, nikajifanya sioni. Nusu nyingine imo kwenye chupa yangu, na chupa nimeifunga kwa karatasi ya gundi na kuandika juu yake kwa mkono wangu, ROYCE HAPANA.

Zako ziweke kwenye friza leo, kabla hujavua koti. Usijaribu kuzipanda huko, udongo wenu hautapata joto hata ukiuwekea blanketi. Na usizitume kwa posta kurudi. Mei, udongo wa hapa ukishaacha kushtua mkono, uje nazo mwenyewe. Bustani imeshachimbwa. Mimi siwezi tena kuinama mstari mzima, nyonga inakataa, na Royce namwamini na jembe tu, mbegu bado. Kwa hiyo utapanda wewe, na mimi nitakaa kwenye kile kiti kinachozunguka nikikuonyesha unapokosea. Royce ameshakubali kukishusha.

Anders naye aje. Avue kofia mlangoni.

Mama yako Nadine anakusalimu kutoka Mobile na anasema hupigi simu. Trudy anakusalimu, anauliza kama huko kuna kulungu. Nimemwambia wakubwa kuliko gari, akae kimya Royce asisikie. Haskell anakusalimu. Mjomba wako anakusalimu pia, amesimama mlangoni sasa hivi anauliza kama nimeandika kwamba alikuchagulia zile nene. Nimemwambia sijaandika.

Mungu awalinde katika giza hilo lenu, awape afya, awape kuni, na akupe wewe kumbukumbu ya mambo unayoambiwa na wakubwa.

Ni mimi bibi yako ninayekupenda, hata baada ya sufuria ile,

Arvella Stokely